Shauri la Ukuta Liamuliwe Karibu na Ukuta

Jirani anapousogeza ukuta wake hatua mbili na kuziba njia ya maji, mvua haingoji hukumu. Usiku ule ule maji huingia jikoni kwa mwenziwe, mahindi ya akiba yakalowa na watoto wakakesha. Kwa hiyo swali la nani aamue mashauri ya nyumba na viwanja ni swali la kila nyumba, wala si la wanasheria peke yao.

Lilongwe, makao makuu ya Malawi tangu mwaka 1975, ni mji uliojengwa kwa ramani, na mitaa yake hujulikana kwa namba: Area 18, Area 25, Area 36. Lakini vimekua pia vitongoji kama Mtandire na Chinsapo, ambako nyumba zilitangulia na mipango ikafuata nyuma.

Katiba ya Malawi ya 1994 inaliruhusu Bunge kuunda mahakama za kienyeji, zikiongozwa na machifu au watu wasio wanasheria, kwa madai ya kimila na makosa madogo. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria ya kuziunda. Manufaa ya mahakama ya namna hiyo ni dhahiri: mwamuzi hufika kwa miguu na kuuona ukuta kwa macho yake, na mama mwenye mtoto mgongoni haimalizi akiba yake kwa nauli.

Hata hivyo, ukaribu peke yake si haki. Zama za Rais Kamuzu Banda, Mahakama za Jadi ziliongezewa mamlaka hadi zikasikiliza kesi za uhaini, mshtakiwa akiwa hana wakili. Mwaka 1983 Orton na Vera Chirwa walihukumiwa kifo katika mahakama hizo, adhabu iliyogeuzwa baadaye kuwa kifungo cha maisha. Basi mahakama ya mji na ipewe ukuta, choo na mfereji, isipewe zaidi. Halmashauri inayoshtaki isiwe ndiyo inayohukumu. Mwenye nyumba apewe ilani ya maandishi katika lugha aijuayo, na nyumba isibomolewe kabla ya muda wa rufaa kwisha.

Masharti hayo yana uzito zaidi huko Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Palikusudiwa watu wapatao 12,000. Leo pana zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee huko, na nafasi ikazidi kuwa finyu. Mkazi aliyejenga kwa matofali ya udongo juu ya ardhi isiyo yake hana hati ya kuonyesha. Ngao yake ni kusikilizwa kwa haki, mapema, na kwa lugha yake.

Wakati huohuo, kila nyumba ijiwekee kinga. Kibali na stakabadhi zihifadhiwe pamoja. Siku ilani ilipopokewa iandikwe. Na kabla msingi haujachimbwa, majirani wa pande zote waitwe washuhudie mpaka. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Penye mpaka usioshuhudiwa, ukuta wenyewe ndio ufa.