Kabla ya Kumfukuza Mbuzi, Taja Kosa Lako

Nyumba ninayopanga hapa Mjimwema ina vyumba sita na mita moja ya LUKU. Kila mmoja wetu alikuwa anachanga shilingi elfu tano, na umeme ulikuwa unatufikisha wiki mbili na ushee. Ilipoingia Juni, baridi ya Songea ikaanza kung'ata, na umeme ukawa unaisha ndani ya wiki moja. Tukaitana kikao uani. Hakikuchukua hata nusu saa. Mchawi wetu tulishampata: dogo wa mwaka wa kwanza, mwenye sabufa. Muziki wake ulikuwa unatukera, salamu zake za kuvutwa, na kwa kuwa bumu lake lilichelewa, mara mbili alichelewesha mchango. Alijitetea kidogo, akaona haisaidii. Mwisho wa mwezi akabeba godoro lake, akahama.

Nyumba ikatulia. Tukawa tunacheka, tunapika pamoja. Umeme ukaendelea kuisha ndani ya wiki moja.

Ukweli ni kwamba kila chumba kilikuwa na hita ya kuchemshia maji ya kuoga, na kila mtu alidhani ni yeye peke yake anayeichomeka alfajiri. Mimi yangu nilikuwa naificha ndani ya ndoo, chini ya nguo. Na tulipopiga kura ya kumtoa dogo, nilikuwa wa pili kunyoosha mkono.

Kwa Kiswahili cha mtaani, dogo aliangushiwa jumba bovu. Kwa Kiswahili cha magazeti, alifanywa mbuzi wa kafara. Tunalitumia neno hili kila siku, kwenye siasa, kwenye mpira kocha anapofukuzwa, hata kwenye grupu asaimenti. Lakini tukirudi kwenye dini lilikotoka, tutakuta jambo la aibu: watu wa kale walimtendea yule mbuzi kwa ukweli zaidi kuliko sisi tunavyotendeana.

Habari yenyewe iko katika Mambo ya Walawi, sura ya 16. Mara moja kwa mwaka, siku ya kumi ya mwezi wa saba, Waisraeli walikuwa na Siku ya Upatanisho. Walileta mbuzi wawili, wakawapigia kura. Mmoja alichinjwa kuwa sadaka kwa Bwana. Wa pili, aliyeangukiwa na kura ya Azazeli, aliachwa hai. Kuhani mkuu aliweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi huyo, akaungama juu yake maovu yote ya watu, kisha mtu aliyewekwa tayari akampeleka jangwani.

Angalia mpangilio wake. Kabla ya kumgusa mbuzi wa watu, kuhani alitoa ng'ombe dume kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake. Kiongozi alianza na yake. Halafu maovu yakatajwa kwa mdomo, na yakatajwa kuwa ni ya watu, siyo ya mbuzi. Siku hiyo watu wote walitakiwa kuacha kazi na kujinyima. Na mbuzi alichaguliwa kwa kura. Hakuna aliyesema huyu ana macho mabaya au ana kiburi. Kambi nzima ilijua kwamba mnyama anayeondoka hana kosa lolote.

Sasa njoo kwenye neno kafara. Limetujia kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa neno la Kiebrania lililomo katika jina la siku ile ile, Yom Kippur. Kwa ndugu zetu Waislamu, kafara haimwangukii mtu wa pembeni. Aliyevunja kiapo hulisha maskini kumi, au huwavisha, au humwacha huru mtumwa. Asiyeweza hufunga siku tatu. Anayelipa ni aliyekosa. Na Qurani inarudia zaidi ya mara moja kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Na sisi Wakristo tunaosema Yesu alizibeba dhambi zetu, tunasema alijitoa mwenyewe, na kwamba hakuwa na hatia. Dogo wetu hakujitoa.

Kwa hiyo sisi tumechukua mbuzi, tukaacha maungamo. Tunaweka mikono juu ya kichwa cha mtu bila kutaja letu hata moja, halafu tunajiaminisha kwamba uovu wote ulikuwa wa kwake tangu mwanzo.

Msomaji atasema ninakuza mambo, hii ni LUKU tu. Lakini utaratibu ni ule ule unaoua watu nchini kwetu. Shinyanga na Mwanza, bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Mtoto amekufa, ng'ombe wamekufa, mvua imegoma, na anayetafutwa ni yule asiye na wa kumtetea. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli chonganishi, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Hata hivyo, ramli haina kazi pasipo wateja. Mteja ni mtu mwenye msiba ambaye amekwisha kuwa na jina moyoni, anatafuta mwingine wa kumtamkia.

Ni kweli, wakosaji wapo. Mwizi akikamatwa na simu ya mwenzake aadhibiwe, hajaonewa. Ila kuna maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kunyoosha mkono. La kwanza: tuna ushahidi, au tuna mtu tusiyempenda? La pili: akiondoka huyu, tatizo litaondoka naye? Kwa dogo, la kwanza hatukuliuliza, na la pili lilijibiwa na mita.

Sisi tunaosomea ualimu linatuhusu mara mbili. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, matokeo ya darasa langu yalikuwa mabaya, nikajikuta nawataja "wale watatu wa nyuma". Madaftari yao yalikuwa na wiki tatu sijayasahihisha. Mtoto hawezi kupiga kura ya kumtoa mwalimu. Ndiyo maana ni rahisi sana kumfanya yeye ndiye mbuzi, na darasa zima likajifunza hapo namna ya kuishi na wanyonge.

Wiki iliyopita nilikutana na dogo kwenye foleni ya chakula. Nikamweleza habari ya hita. Akacheka.

"Kaka, mbona nilijua. Alfajiri nilikuwa nasikia maji yanachemka kila chumba."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nani angenisikiliza?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi pale pale foleni, akapokea, lakini kwetu hajarudi.

Pale nyumbani sasa kikao kinaanza tofauti. Kabla ya kumjadili mtu, kila mmoja anataja anachochomeka. Mara ya kwanza tulitazamana chini muda mrefu, mpaka mmoja akaleta hita yake akaiweka katikati ya uani. Zikafuata nyingine. Tukakubaliana mchango uwe elfu nane, na umeme sasa unatufikisha.

Ninapendekeza viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wajaribu jambo hili hili kwenye vikao vyao, na wawe wa kwanza kuanza, kama yule kuhani. Na wewe unayesoma, kama chumbani kwenu, kwenye kikundi chenu au kwenu nyumbani kuna mtu ambaye lawama zote zimekwisha kupata kwake makazi, kabla hamjamtoa, angalia kwanza ndani ya ndoo yako.