Kutoka Shilingi Kumi hadi Senti Kumi

Mwaka 1968 kwacha moja ya Zambia ilikuwa sawa na shilingi 10 za Tanzania. Katikati ya mwaka 2024 kwacha moja ilikuwa kiasi cha shilingi 100. Anayezitazama namba hizo mbili peke yake ataapa kwamba fedha ya jirani imepanda mara kumi dhidi ya yetu. Atakuwa ameapa uongo. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye fedha yake, kwa hiyo kwacha inayopokelewa leo Nakonde ni kwacha 1,000 za zamani. Ile ya mwaka 1968, ukiihesabu kwa haki, imebaki na thamani ya senti 10. Na shilingi tunayoipimia nayo haikusimama pale pale: dola ya Marekani iliyouzwa kwa shilingi 7 na senti 14 mwaka 1968, katikati ya 2024 ilikuwa imeshapita shilingi 2,500.

Toleo hili linazungumzia fedha hizo mbili, na tumelianzia Ifakara. Msomaji atauliza kwa nini isiwe Tunduma, kwenye mpaka wenyewe, ambako noti hubadilishwa barabarani mchana kutwa. Jibu ni reli. TAZARA ni mali ya nchi mbili, nusu kwa nusu, nayo inakatiza bonde la Kilombero kupitia Mang'ula, Ifakara na Mlimba kabla ya kupanda nyanda za juu. Mkulima wa mpunga wa hapa aliunganishwa na Zambia kwa chuma, apende asipende.

Shilingi yetu ilianza tarehe 14 Juni 1966, kwacha ikafuata Januari 1968. Uingereza iliposhusha thamani ya pauni Novemba 1967, Dar es Salaam na Lusaka zilikataa kuifuata. Ndiyo sababu hesabu ilitoka bila masalia, kumi kwa moja.

Fedha ya kuletwa ilikuwa imelifikia bonde zamani. Mjerumani alikuja na rupia yake, 15 kwa mark 20, na mwaka 1905 akadai kodi ya rupia 3 taslimu. Tarehe 30 Agosti mwaka huo boma la Mahenge likashambuliwa. Sisemi kodi peke yake ndiyo iliyoleta Maji Maji. Lakini mtu asiye na soko la kuuzia mazao, akidaiwa sarafu, atazipata wapi ila kwenye kazi ya mwenye sarafu? Waingereza wakaleta florini mwaka 1920, kisha shilingi ya Afrika Mashariki, na hapo sitakawia.

Penye utamu ni miaka ya reli. China ilikopesha yuan milioni 988 bila riba, deni likagawanywa sawa kati ya Tanzania na Zambia. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, na reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Sasa tazama mshahara wa kibarua. Yuan haikuwa na kazi kwenye duka la Ifakara, hivyo gharama za ndani zililipwa kwa njia ya mzunguko: China ilileta bidhaa, bidhaa zikauzwa madukani kwa shilingi na kwacha, na fedha iliyopatikana ikalipia kazi. Kijana aliyevunja mawe kule Mlimba akanunua shati la Kichina alikuwa anazirudisha shilingi pale pale zilikotoka. Katika jedwali la viwango vya fedha, mzunguko huo hauonekani hata kidogo.

Hapo ndipo ugomvi wangu na majedwali ulipo. Chukua katikati ya mwaka 1985. Kwa bei ya serikali dola ilikuwa takribani shilingi 17 kwetu na kwacha 2 na kitu kwao. Gawanya: kwacha moja inatoka karibu shilingi 8. Ungedhani tangu 1968 hakuna kilichotokea! Kumbe sabuni ni ya foleni, sukari ni ya foleni ingawa kiwanda kiko Kidatu, na dola ya magendo imepita shilingi 100. Bei ile ilikuwa ya wachache waliopewa kibali. Mkulima hakuiona dirishani popote, ila aliilipia kila alipotafuta jembe au baiskeli kwa mlanguzi. Zambia ilianza kunadi fedha za kigeni Oktoba 1985. Sisi tulikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na dola ikavuka shilingi 40. Wengi huandika kwamba hapo ndipo fedha zetu zilipoanguka. Kwa maoni yangu zilikuwa zimeshaanguka siku nyingi. Kilichobadilika ni kwamba serikali zilikubali kuandika bei ambayo soko lilikuwa linaijua.

Kwa hiyo tuliwaomba waandishi wa toleo hili watimize sharti moja. Kila kiwango wanachotaja kiwe na tarehe, kiseme ni cha benki au cha mtaani, na kiambatane na kitu kilichonunuliwa: gunia la mpunga, nauli, jora la kitambaa. Wawili walinung'unika kwamba tunawachosha. Makala zao ndizo zilizonoga kuliko zote.

Kilichotupungukia ni karatasi za watu wa kawaida. Takwimu za benki kuu zipo na yeyote anaweza kuziomba, lakini risiti za mizigo ya treni, madaftari ya maduka na vitabu vya vyama vya ushirika vinaliwa na mchwa au vinafungiwa karanga. Wewe uliye Kiberege, Mbingu, Chita au Mlimba, ukiwa na stakabadhi ya gunia lililopakiwa kwenda Mbeya au Kapiri Mposhi, usiichome. Ipige picha, andika mwaka na bei, ututumie. Toleo lijalo tutazichapa.