Wakaguzi wa Nyumba za Wazee Wasitangaze Siku

Sisi wa bwenini twajua sana mambo ya ukaguzi. Ikisikika kwamba wakaguzi wa shule watafika Jumatano, Jumanne majani hufyekwa na vyoo hupigwa deki, na siku yenyewe maharage hayana wadudu. Alhamisi wadudu hurudi.

Wengi wetu tuliozaliwa milimani Uluguru hudhani nyumba ya wazee ni jambo la Ulaya, maana Mluguru akizeeka hutunzwa na ukoo wa mama yake. Lakini serikali ina makazi ya wazee hapa hapa mjini Morogoro, pale Fungafunga. Tena yanahitajiwa. Mashamba ya mkonge ya mkoa huu yaliletewa vibarua wa mbali, wale walioitwa manamba, na wako ambao hawakurudi kwao kamwe. Mtu wa namna hiyo akizeeka, ukoo wake u wapi?

Likizo iliyopita nilifuatana na shangazi kumwamkia mzee mmoja katika nyumba ya mkoa mwingine, ambao siutaji. Blanketi lake jipya lilikuwa limekunjwa juu ya sanduku, naye amejifunika shuka lililochanika.

“Shikamoo babu. Mbona hulitumii?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hilo ni la siku ya wakaguzi. Nikilichafua nitaulizwa.”

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kwamba kumtunza mzee ni kazi ya jamaa na jamii kwanza, na nyumba hizi ziwe kimbilio la mwisho. Basi akaaye humo mara nyingi hana mtoto wa kumsemea. Msemaji wake ni mkaguzi, naye mkaguzi hutanguliza barua!

Kwa maoni yangu afike bila taarifa. Afike usiku aone ni nani amelala bila chandarua. Afike saa ya chakula auonje uji wenyewe, asiridhike na daftari. Tena azungumze na wazee msimamizi akiwa nje, kwani ni nani atamshitaki mtu atakayempimia uji kesho?

Mwenzangu mmoja asema hivyo ni kuwavunjia heshima watumishi. Mimi sioni hivyo. Mtumishi mwema aliyeachwa peke yake na wagonjwa wengi usiku kucha, taabu yake haionekani siku ya mapambo. Mkaguzi wa usiku ataiona, aiandike, aombe watu zaidi.

Shangazi alilikunjua lile blanketi akamfunika mzee. Yeye alituomba tulirudishe kabla ya kuondoka.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne