Umri Usigeuzwe Fimbo ya Kuwachapia Binti Zetu



Hapa Jabe, binti akifika miaka 25 bila mume, hakosi shangazi au jirani wa kumwambia: "Harakisha, mwanangu, usije ukawa ingumba." Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye hajatimiza hata miaka 20, aliniuliza kama aache shule, kwani ameambiwa kuwa kila mwaka wa masomo unamnyang'anya mtoto mmoja. Nilisikitika, kisha nikakasirika.

Ukweli ni upi? Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai ya uzazi, nayo hupungua kadiri miaka inavyopita. Hata hivyo, uwezo wa kushika mimba huanza kushuka polepole baada ya miaka 30, na kwa kasi zaidi baada ya 35. Basi amtishaye binti wa miaka 20 anasema uongo. Na mwanamke wa miaka 42 anayeamini kuwa hakuna hatari maadamu bado anapata hedhi, naye anajidanganya. Wote wawili wamenyimwa elimu ileile.

Wenye kueneza hofu hudai kwamba wanamlinda binti. Wanamlinda na nini? Kisonono na klamidia zisipotibiwa zaweza kuziba mirija ya uzazi hata kwa msichana mdogo, lakini hawazitaji. Mwanamume huchangia takriban nusu ya visa vya ndoa kukosa mtoto, na mbegu zake nazo hudhoofika kwa umri; ni nani amshikaye mkono kumpeleka kupimwa? Mke ndiye afungiwaye virago. Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujaribu bila kinga. Mitaani mwetu hukumu hutolewa mapema kuliko hapo, na mshtakiwa ni mmoja tu.

Sheria yetu ya mwaka 1993 kuhusu watu na familia imeweka miaka 18 kwa msichana na 21 kwa mwanamume kuwa umri wa chini wa kuoana. Huo ni umri wa kuanzia, si siku ya mwisho ya kujiandikisha.

Enyi wazazi, mpeni binti hesabu kamili, na kaka yake aketi kando aisikie. Ndoa ikichelewa kujaliwa mtoto, waende kwa daktari wote wawili. Na aliye shuleni aachwe asome: ajuaye hupanga, bali mwenye hofu huingia mlango wowote ulio wazi.