Mstari Ulionyooka Huanza Begani

Magari mawili yanapogongana usiku katika barabara ya Masaka, askari wa usalama barabarani hufika na tochi, futi ya kupimia na karatasi. Kabla ya mapambazuko magari yatakuwa yamekwisha kuvutwa kando, na mvua ya alfajiri itakuwa imefuta alama za breki. Miezi kadhaa baadaye hakimu huitaka karatasi ile. Madereva wote wawili wamekwisha kuapa, na kila mmoja asema alikuwa upande wake wa barabara. Kinachobaki kuwaamua ni mistari iliyochorwa usiku ule kwa mkono wa konstebo.

Wako wasemao kwamba simu yenye kamera imeiondoa kazi hiyo. Sivyo. Picha huonyesha gari, lakini haisemi gurudumu la mbele lilikuwa mita ngapi kutoka ukingo wa lami, na kilicho karibu hukikuza kuliko kilicho mbali. Mchoro husema, mradi mchoraji ameweka mshale wa kaskazini na upana wa barabara, na kila kitu amekipima kutoka mahali pawili pasipohama, kama vile nguzo ya umeme na pembe ya nyumba. Aibu huja pale vipimo vilipo sahihi lakini mstari umeyumba, hata wakili wa upande wa pili akauliza kwa upole kama lile duara ni gari au ni shimo.

Aghalabu askari aliyeulizwa hivyo hujitetea kwamba hakuzaliwa na kipaji. Hoja hiyo ni dhaifu. Mholanzi Vincent van Gogh, ambaye picha zake leo zimo katika majumba makubwa ya sanaa duniani, alishika uchoraji kwa dhati mwaka 1880, akiwa na miaka 27, baada ya kushindwa kuhubiri miongoni mwa wachimbaji wa makaa ya mawe huko Borinage, Ubelgiji. Alipata karatasi za mazoezi zilizotungwa na Mfaransa Charles Bargue, akazinakili zote, kisha akazirudia. Mwaka 1882, mjini The Hague, alijipatia fremu iliyotandwa nyuzi, akawa anaisimamisha mbele yake na kuangalia shamba au pwani kama mtu aliye dirishani. Miaka 27 ni umri wa makonstebo wengi, na fremu ya namna hiyo yaweza kutengenezwa kambini kwa vijiti vinne na uzi wa kushonea.

Kosa la mwanafunzi ni kusogeza vidole tu, kama anayeandika barua. Vidole vimezoea herufi. Mstari mrefu hutoka begani na kiwikoni. Nukta mbili na ziwekwe umbali wa shibiri moja, jicho likazwe kwenye nukta ya pili wala si kwenye ncha ya kalamu, kisha mstari uvutwe mara moja bila kusita. Utakwenda kombo. Usifutwe, wala usirudiwe juu yake kwa vistari vifupi kama manyoya ya paka. Uachwe, na mwingine uvutwe chini yake, mpaka karatasi ijae. Robo saa ya kila jioni inafaa kuliko saa tatu za Jumapili moja, kwa sababu mkono husahau upesi.

Baada ya mistari, kikombe. Hapa ndipo wengi hukwama, na kosa si la mkono. Mdomo wa kikombe kilicho mezani huonekana umebanwa kama yai lililolala. Lakini mchoraji anajua kwamba ni wa mviringo, basi huchora anachokijua badala ya anachokiona. Dawa yake ni kupima. Kalamu ishikwe mbele ya uso, mkono umenyooshwa kabisa, jicho moja limefumbwa, na kidole gumba kitie alama: upana wa mdomo ni huu, je, kimo chake ni nusu au robo ya upana huo? Kwa kigoda ni vyema kuchora nafasi tupu zilizo kati ya miguu; miguu itajitokeza yenyewe.

Askari wa jeshi aliyeko kwenye kilima cha ulinzi hupima vivyo hivyo. Huanza na mstari wa upeo wa macho, kisha matuta ya vilima, kisha mti mmoja au paa moja la kuelekezea. Majani hayamhusu.

Nyumbani huenda mwalimu yupo tayari. Mama anayechora maua kwenye kitambaa cha meza kabla ya kudarizi huvuta mstari mzima, maana kitambaa cheupe hakitaki kufutwafutwa. Konstebo na aketi karibu naye, pamoja na watoto, kila mmoja na mgongo wa kalenda ya mwaka jana. Kila karatasi iandikwe tarehe na kuhifadhiwa. Mwezi ukiisha, ya kwanza na ya mwisho ziwekwe pamoja chini ya taa. Ikiwa mistari imenyooka lakini kikombe kingali kinafanana na ndoo, mkono uachwe upumzike siku chache, na kidole gumba kirudi kupima.