Sabuni ya nyumbani: akina mama wapewe mizani, si vipande tu

Mashariki mwa Kongo, jamaa iliyokimbia vita ikipanga matumizi ya siku, unga unatangulia, kisha makala, kisha maji. Sabuni inakuja mwisho, na mara nyingi franka zinakwisha mbele ya kuifikia.

Hapo ndipo ugonjwa unapitia. Wakaaji wa Goma hawajasahau Julai 1994, wakati kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda kwa majuma machache. Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza Mpox kuwa dharura ya kimataifa, na Kivu ya Kusini ilikuwa kati ya majimbo yaliyoguswa sana. Kwa magonjwa hayo mawili, kunawa mikono kwa maji na sabuni ni moja ya kinga za maana.

Kuna akina mama wahamaji ambao hawakungoja. Kwa mafuta ya mawese, maji na soda kostiki, wanatengeneza sabuni wenyewe, wananawisha watoto wao na kuuza inayobaki. Wapo wanaosema kazi hiyo ikatazwe kwani soda inaunguza. Ni kweli inaunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Lakini hatari kubwa inatoka kwa kupima kwa macho na kwa kukosa vifaa. Kukataza kutawafanya tu wapikie mafichoni, ndani ya kibanda, karibu na watoto.

Vipimo vyenyewe si siri. Kilo 1 ya mawese inaomba gramu 135 hivi za soda kostiki na gramu 350 hivi za maji. Mafuta ya kokwa za mawese, yenye kutoa povu jingi, yanaomba soda zaidi, gramu 160 hivi. Kwa hiyo kikombe hakitoshi, lazima mizani. Soda ndiyo inamwagwa ndani ya maji, polepole. Maji yasimwagwe kamwe juu ya soda, kwani yatachemka na kuruka usoni. Sufuria ya aluminiamu haifai: soda inaila na kutoa gazi yenye kushika moto. Ndoo ya plastiki ngumu inafaa. Kazi ifanyike nje, kwa glavu na miwani ya kukinga macho. Sabuni ikiganda, ikatwe na kukaushwa majuma 4.

Soda ikigusa ngozi ao jicho, isafishwe kwa maji mengi dakika 20, kisha kituo cha afya. Hakuna kupaka siki wala mafuta. Mtoto akiimeza, asitapishwe, apelekwe hospitali mbio.

Majuma hayo 4 ndiyo mtihani. Mama mwenye njaa hawezi kuacha mtaji wake ulale mwezi mzima juu ya ubao; atauza sabuni ingali kali, na mnunuzi ataumia mikono. Ndiyo maana kazi hii inaomba kikundi. Akina mama kumi wanaweza kutumia mizani moja, na kikundi cha akiba, zile AVEC zinazojulikana mitaani, kinaweza kuwakopesha kidogo sabuni ikikauka.

Mashirika yanayogawa vipande vya sabuni yanastahili shukrani. Lakini kipande kinaisha kwa siku chache, na barabara ikifungwa hakuna gari la msaada linalofika. Basi pamoja na vipande, walete mizani, glavu, miwani na mtu wa kufundisha. Wauzaji wa soko nao waache kutia soda ndani ya chupa za maji ya kunywa na mifuko isiyo na alama, kwani mtoto hatofautishe soda na sukari. Wakubwa wa soko wanaweza kusimamia hilo bila kungoja Kinshasa.

Mwaka 1911, Mwingereza William Lever alipewa mashamba makubwa ya mawese ya Kongo ili apate mafuta ya viwanda vyake vya sabuni. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mawese ingali inakamuliwa hapa hapa. Ni haya mama Mkongomani akose sabuni ya kunawisha mtoto wake, wakati kinachomkosesha ni mizani na glavu.