Barua ya Mchikichini: Usiku, Nani Analala Karibu na Mtoto?

 

Kila mwaka ikifika Januari, njia za kwetu hujaa wazazi waliotoka mashamba. Huyu anatafuta tranka la bati kwa mafundi wa Gerezani, yule godoro na ndoo Kariakoo, mwingine mashuka na sweta za mitumba katika soko la Karume. Ukimwuliza mmoja, "Mtoto anakwenda shule gani?" atakujibu kwa furaha, "Ya bweni, ya Kiingereza." Ukimwuliza tena, "Je, umekwisha kuliona bweni lenyewe?" hunyamaza. Tranka ameligonga mara tatu apate kujua kama bati ni nene. Bweni hakuligonga hata mara moja.

Simcheki mzazi huyo, maana mimi mwenyewe nilifanya vivyo hivyo. Miaka michache iliyopita dada yangu, aliye kijijini mkoani Morogoro, alinipigia simu akasema, "Kaka, wewe uko mjini na umesomea ualimu. Nitafutie shule nzuri ya bweni kwa mwanangu." Mtoto alikuwa na miaka saba. Niliuliza mambo mawili tu: ada ni kiasi gani, na mtihani uliopita walifaulu wangapi. Majibu yalinipendeza, nikampeleka.

Likizo ya kwanza mtoto alirudi hasemi. Alilala kwangu usiku mmoja kabla ya kupanda basi la kwao. Nilipoamka katikati ya usiku nilimkuta ameketi juu ya mkeka, hataki kulala. Akaniambia, "Mjomba, nikilala nitakojoa, na wakubwa watanipiga." Kumbe katika bweni lao walilala watoto wengi, wadogo kwa wakubwa, wala hapakuwa na mtu mzima karibu. Hakuna aliyeniambia neno hilo. Lakini na mimi sikuuliza.

Nilimweleza habari hii mzee mmoja jirani yangu, aliyepika miaka mingi katika nyumba za wageni kule Masaki. Akatikisa kichwa, akasema, "Karani, ungaliniuliza mimi kwanza. Nimewaona wageni wakichagua shule. Huuliza mpaka mwalimu mkuu achoke."

Basi na tuwatazame wageni hao, tuone wanachagua vipi.

Zamani za ukoloni shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu peke yao, za Waasia peke yao, za Waafrika peke yao. Watoto wa Wazungu walikuwa na shule za bweni, kama Arusha School iliyofunguliwa mwaka 1934, na St. Michael's and St. George's ya Iringa iliyofunguliwa mwaka 1959. Tangu mwaka 1962 sheria ilikomesha mgawanyo huo, na shule ile ya Iringa baadaye ikawa Mkwawa, ambayo leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Kwa watoto wa wageni waliokuja kwa kazi zikaanzishwa shule za kimataifa. Hapa Dar es Salaam ilianzishwa International School of Tanganyika mwaka 1963, nayo ni ya kutwa. Moshi ilianzishwa nyingine mwaka 1969, wakati hospitali ya KCMC ilipokuwa ikijengwa na waganga wa nchi za nje wakihitaji shule ya watoto wao. Hiyo ya Moshi ina wanafunzi wa kutwa na wa bweni pia. Tangu mwaka 2019 inaitwa UWC East Africa. Na huko Kijabe, Kenya, iko Rift Valley Academy, shule ya bweni iliyoanza mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wamisionari.

Ada za shule za namna hii ni mamilioni mengi ya shilingi kwa mwaka, wala siandiki ili mtu auze ng'ombe zake azifuate. Naandika kwa sababu ya jinsi wazazi wale wanavyofikiri. Mgeni huja kwa miaka miwili au mitatu, kisha huhamishwa. Kwa hiyo huuliza kwanza: akitoka hapa, mtoto wangu ataingia darasa gani katika nchi nyingine? Ndiyo maana shule nyingi za namna hiyo hufuata mtaala mmoja wa kimataifa, ambao shirika lake liliundwa Geneva mwaka 1968. Kisha hutazama umbali. Anayefanya kazi mjini hupeleka mtoto shule ya kutwa, jioni wale pamoja. Aliye mbali, penye hospitali ya porini au mgodi, ndiye hulazimika kufikiri bweni. Kwao bweni ni dawa ya umbali. Sisi tumeligeuza kuwa heshima.

Mzee alinisimulia habari za mama mmoja wa nyumba aliyoipikia. Mume wake alipata kazi mgodini, na mtoto wao alikuwa na miaka tisa. Wakaenda kutazama shule ya bweni. Waliporudi walizungumza mezani hata chakula kikapoa, naye mzee akasikia yote. Mama yule alikuwa ameandika maswali katika karatasi, nayo ni haya:

Kwanza, usiku ni mtu mzima gani alalaye karibu na watoto, na anaangalia watoto wangapi?

Pili, je, watoto wadogo hulala mbali na wakubwa?

Tatu, mtoto akiugua saa nane za usiku, nani humpeleka hospitali, kwa gari gani, na mimi naambiwa lini?

Nne, milango na madirisha ya bweni yakoje? Moto ukitokea, watoto watatoka wapi?

Tano, naweza kuzungumza na mwanangu siku gani, na je, atakuwa peke yake tunapozungumza, au mwalimu atakuwa amesimama pembeni?

Sita, naweza kuona vitanda na vyoo leo hii, bila kuambiwa nije kesho?

Walijibiwa vizuri, na fedha walikuwa nazo. Hata hivyo waliamua mtoto abaki Dar es Salaam na mama yake, asome kutwa, na baba aje kila mwisho wa mwezi. Walisema miaka tisa bado ni michache.

Msifikiri kwamba swali la nne ni la woga wa bure. Mwaka 1994 moto wa bweni uliua wasichana zaidi ya 40 katika shule ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro. Septemba 2020 watoto 10 walikufa kwa moto wa bweni wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Septemba 2024 wenzetu wa Nyeri, Kenya, walizika wavulana 21. Hao wote walikuwa na tranka na godoro, kama wetu.

Na Serikali yetu nayo imelifikiri jambo hili. Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wazazi wengi walinung'unika. Mimi nilipousoma nilimkumbuka mjomba wangu mdogo yule juu ya mkeka, nikanyamaza.

Huenda mtu akasema, "Lakini Mwalimu Nyerere alisoma bweni." Ni kweli. Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na kwao Butiama kulikuwa mbali sana kwa mtoto kwenda na kurudi kwa miguu. Lakini kumbukeni umri wake: alikuwa na miaka 12 hivi. Wala mimi silitukani bweni. Msichana wa sekondari anayetembea mwendo mrefu alfajiri na jioni, au anayepanga chumba peke yake karibu na shule, yumo hatarini kila siku. Huyo bweni lenye mlezi mwema ni kinga yake. Mpelekeni, lakini baada ya kuuliza.

Najua ugumu wetu. Tukifika ofisini kwa mwalimu mkuu, tumevaa nguo za safari na fedha tumezifunga kitambaani, twaona haya kuuliza. Twadhani tutaonekana wajeuri. Lakini mgeni yule alilipia ada tu. Maswali aliuliza bure. Na sisi tunaweza kuuliza bure. Mwalimu mwema hatakasirika; atakuchukua akuonyeshe. Akikasirika, au akikuzungusha, amekwisha kukujibu.

Mtoto wa dada nilimwondoa shule ile. Dada alilia kidogo, akasema, "Kaka, watu watanicheka." Nikamwambia lawama ni yangu, anitaje mimi. Sasa mtoto anasoma kutwa katika shule ya kijiji, huenda na wenzake kwa miguu kama nusu saa. Kiingereza chake bado ni cha kusuasua, sifichi. Lakini dada anasema analala usingizi mpaka aamshwe.

Januari ijayo mtakapokuja kununua tranka, chukueni na karatasi yenye maswali yale sita. Asiyejua kusoma amwombe mtoto mwenyewe amsomee njiani. Naye asikie kwamba kuna mtu atakayemwulizia.

Wasalaam,
Karani wa Parokia
Mchikichini